Kamera Mpya za Filamu na Suala la Fanani

Ndugu msomaji, usishangae kukuta makala ya kamera katika jarida la uhakiki wa fasihi. Humu tumezoea kugombana juu ya fani na maudhui, juu ya nani mwandishi wa umma na nani kasuku wa wakubwa. Ni mara chache tunauliza kazi ya sanaa imetengenezwa kwa chombo gani, na chombo hicho kimetoka mikononi mwa nani. Labda ni kwa sababu chombo chetu ni rahisi. Kalamu ikiisha wino unakwenda dukani unanunua nyingine, basi. Mpiga picha wa filamu hana raha hiyo. Kamera yake ikifa, mara nyingi anatafuta ya marehemu mwingine.

Kwa miaka kadhaa sasa wapiga picha wa Ulaya, Marekani na Japani, wengi wao vijana waliozaliwa wakati filamu iko taabani, wamekuwa wakiyaomba makampuni makubwa, yaani Nikon, Canon, Pentax na wenzao, yarudi kutengeneza kamera mpya za filamu. Wako wanaowacheka. Eti ni ukale huo. Eti ni sawa na mtu kudai kibatari ilhali umeme umefika mpaka kwa jirani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wanaocheka hawajaitazama historia. Nadai kwamba ndani ya ombi hilo kuna jambo ambalo sisi tuliofundishwa fasihi simulizi tungepaswa kulitambua haraka kuliko wahandisi: fanani anazeeka, na ngano yake bado iko kichwani mwake.

Tuanze na historia, la sivyo tutaongea hewani. Mwaka 1888 George Eastman wa mji wa Rochester, Marekani, alitoa kamera aliyoiita Kodak. Iliuzwa ikiwa na filamu ndani yake, ya picha 100. Mteja akishazimaliza aliirudisha kamera nzima kiwandani; huko wakamsafishia picha, wakatia filamu nyingine, wakamrudishia. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, na bei yake ilikuwa dola moja. Dola moja tu! Hapa mhakiki asimame kidogo. Kamera ya dola moja haimtajirishi mtu. Kilichomtajirisha Eastman ni filamu, karatasi na dawa za kusafishia, vitu ambavyo mteja alivinunua leo, akavimaliza, akarudi tena kesho. Kamera ilikuwa chambo. Jambo hili tulishike vizuri, maana ndilo litakaloeleza kifo kilichokuja zaidi ya miaka 100 baadaye.

Wajerumani waliingia kwa njia nyingine. Oskar Barnack, aliyefanya kazi katika kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, aliunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35, na mwaka 1925 ikaingia sokoni kwa jina la Leica. Hapo kamera ikawa kitu cha kuingia mfukoni na kutoka nacho mtaani. Baada ya vita Wajapani wakaichukua fikra hiyo na kuipeleka mbali. Mwaka 1959 peke yake ulizaa watoto wawili mashuhuri: Nikon F, iliyokuja kuwa kamera ya waandishi wa habari wa dunia nzima, na Olympus Pen ya Yoshihisa Maitani, kamera ndogo iliyogawa kila fremu mara mbili, hivi kwamba filamu ya picha 36 ilitoa picha 72. Hiyo ya pili ilikuwa ya mtu wa kipato kidogo, aliyehesabu senti kabla ya kubonyeza. Halafu mwaka 1976 ikaja Pentax K1000. Hiyo haikuwa na anasa hata moja. Betri yake kazi yake ilikuwa kuendesha kipima mwanga tu. Betri ikifa, kamera inaendelea kupiga kama kwamba hakuna kilichotokea. Ilitengenezwa mpaka mwaka 1997, na wanafunzi wa upigaji picha chungu nzima walijifunzia humo.

Na huku kwetu? Vifaa hivi vilifika pwani mapema na vikazaa sanaa yenye sura ya pwani. Mji Mkongwe wa Unguja kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Yeye alipiga picha za watawala na za raia pia. Kule Lamu, Omar Said Bakor alifungua studio yake na kufanya maajabu: aliunganisha picha na picha hadi mtu akatokea mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Msomi wa Kijerumani Heike Behrend ameziandikia picha za pwani hiyo kwa kirefu, wakati sisi wenyewe, tusemeje, tulikuwa tunahakiki riwaya. Lugha nayo ilipata chake. Kiswahili hakikuhangaika kutafuta neno la kitaalamu la kazi ya chumba cha giza. Kikasema "kusafisha picha". Yaani picha tayari ipo, ila imefunikwa na giza, na fundi anaiosha mpaka sura itokee. Na filamu iliyoingia mwanga ikasemwa "imeungua". Ni sitiari zilizozaliwa studio na dukani, hakuna kamati iliyoketi kuzitunga. Leo mtoto anayepiga picha kwa simu hajui ni kwa nini shangazi yake bado anamwuliza kama picha zimeshasafishwa.

Sasa tuje kwenye kifo. Mwaka 1975, ndani ya Kodak yenyewe, mhandisi kijana aitwaye Steven Sasson aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito unaokaribia kilo 4, picha yake moja ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuihifadhi picha hiyo kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Wakubwa wake hawakuikimbilia. Wengi wanawacheka kwa hilo, mimi nawaelewa. Kama utajiri wako wote unatoka kwenye filamu, utamkumbatiaje mtoto aliyezaliwa kuja kuiua filamu? Kamera ilikuwa chambo cha filamu, na huyu alileta chambo kisicho na ndoana.

Lakini wengine waliikimbilia, na kuanzia miaka ya 2000 mambo yakaenda kasi. Januari 2004 Kodak ilitangaza kuacha kuuza kamera za filamu Marekani, Kanada na Ulaya Magharibi, huku ikiendelea kuziuza katika nchi zilizoitwa masoko yanayokua. Sisi wa mitumba tunaijua desturi hiyo. Mwaka 2006 Konica Minolta ikatoka kabisa katika biashara ya kamera, na mwaka huohuo Nikon ikafuta karibu kamera zake zote za filamu, ikabakiza F6 na FM10, na hiyo FM10 ilitengenezwa na kampuni nyingine, Cosina. Polaroid ikatangaza kuacha filamu zake za papo kwa papo mwaka 2008. Mwaka 2009 Kodak ikaua Kodachrome, na mwisho wa Desemba 2010 maabara ya mwisho duniani iliyojua kuisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ikaacha kupokea filamu hizo. Januari 2012 Kodak yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Mwaka 2018 Canon ikatangaza mwisho wa mauzo ya EOS-1V, ingawa kiwandani ilikuwa imeacha kuitengeneza miaka mingi nyuma. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Nikon F6.

Kwa nini nimezitaja zote hizi? Kwa sababu hakuna hata moja iliyokufa kwa kushindwa kazi. F6 ya mwaka 2004 ilikuwa kamera nzuri mno. Kilichokatika ni mnyororo: filamu, maabara, fundi, muuza duka, mteja. Pete moja ikikatika, kamera inabaki pambo la kabatini. Na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na vijana wanaodai kamera mpya, maana wengi wao huongea kana kwamba kamera ni kisiwa.

Tena tusimlilie marehemu kama vile alikuwa malaika. Mhakiki anayesifu filamu bila kuuliza ilitengenezwa kwa ajili ya nani hajafanya kazi yake. Kwa miaka mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi ya kawaida. Sisi wengine tulitokea vipi? Angalia albamu za harusi za miaka ya 1970: bibi harusi ni gauni jeupe, meno na macho. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, amechunguza suala hili kwa makini, na alichokikuta kinachekesha na kuudhi kwa pamoja. Waliofanya Kodak ianze kushughulikia rangi nyeusi na za kahawia walikuwa pia watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri kwenye matangazo. Yaani meza ilisikilizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengenezaji filamu wa Kifaransa Jean-Luc Godard alikwenda Msumbiji iliyokuwa imetoka kujipatia uhuru, akakataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyohiyo. Na Polaroid? Kamera zake zilitumika kutengeneza picha za pasi za makaburu huko Afrika Kusini. Mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili weusi, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo na kuanzisha mapambano, na mwaka 1977 kampuni ikaacha kabisa kuuza bidhaa zake kule. Ubora wa chombo na matumizi yake katika jamii ni mambo mawili ambayo hayaachani hata siku moja.

Kwa hiyo mtu akisema "nataka kamera mpya ya filamu", tumwulize anataka nini hasa. Nikiwasikiliza wenyewe, sababu ni nyingi: kutofuta picha, kusubiri, punje za filamu, mlio wa shata. Hizo ni ladha, na ladha hazijadiliwi. Sababu yenye uzito ni nyingine, na ni ya kiuchumi na kiufundi. Kamera za zamani ni hesabu inayopungua. Zile za chuma tupu kama K1000 hutengenezeka, kwa sababu fundi anaweza kuchonga, kusugua, kuazima kipuri cha kamera iliyokufa. Zile za miaka ya 1990, zenye mota na saketi, ni balaa. Saketi ikiungua, aliyeitengeneza hayupo na kipuri hakipo. Kila mwaka filamu inapata wateja wapya wanaogombania kamera zilezile zinazopungua, na bei inapanda. Kodak kwa upande wake ilifikia hatua ya kusimamisha mitambo yake ya filamu kwa muda mwishoni mwa 2024 ili kuipanua na kuiboresha. Kwa hiyo tuna kichekesho hiki: chambo kimekwisha, na samaki wamejaa.

Ndipo inapoingia Pentax, ambayo siku hizi ni mali ya kampuni ya Ricoh. Desemba 2022 ilitangaza kwamba inachunguza uwezekano wa kutengeneza tena kamera za filamu. Aliyesimama mbele kuusemea mradi huo ni mbunifu wake, Takeo Suzuki, ambaye wapenzi wa kamera wanamwita TKO. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Alieleza kwamba wahandisi waliojua kuunda kamera za filamu wamestaafu au wako mlangoni, na kwamba kama ujuzi wao hautapokewa sasa, utapotea.

Lakini michoro si ipo? Kampuni kubwa ya Kijapani haitupi michoro. Ndiyo, ipo. Vijana wa Pentax waliifungua, na bado wakalazimika kwenda kuwauliza wazee. Chukua mfano wa ule mkono wa kusogezea filamu kwa kidole gumba. Ukiuona unadhani ni kitu cha kitoto: unavuta, filamu inakwenda fremu moja, shata inajikaza. Kumbe ndani mna magurudumu yenye meno, springi na vizuizi vinavyopaswa kuelewana kwa kipimo chembamba kuliko unywele. Mchoro unakupa vipimo. Haukuambii ni kwa nini kipimo kile kikawa kile, wala walijaribu nini kabla yake kikashindwa, wala springi ikaze kiasi gani ili kidole kiseme "naam, imeshika".

Sasa, ndugu zangu wa fasihi simulizi, hamuoni mnalolijua? Hii ndiyo hoja tunayoirudia darasani kila mwaka mpaka tunachoka: ngano iliyoandikwa kitabuni siyo ngano iliyotambwa. Karatasi huhifadhi maneno. Sauti ya fanani, pumzi yake, pale anaponyamaza makusudi, namna anavyoisoma hadhira na kubadili njia, hivyo karatasi haivikamati. Tukimwendea bibi na kinasa sauti hatufanyi hivyo kwa sababu tunapenda ushamba. Tunakwenda kwa sababu akifa kesho, kilichoandikwa kitabaki mifupa. Mchoro wa kamera ni mifupa ya namna hiyo. Mhandisi mstaafu ndiye fanani, na kijana anayemwuliza ndiye mwanafunzi wake. Kwa hiyo ombi la kamera mpya, hata kama mwombaji mwenyewe hajui, ni ombi la kumpa fanani jukwaa kabla hajaondoka. Pasipo agizo la kutengeneza hakuna kampuni itakayomlipa kijana akae miezi akimsikiliza mzee. Utambaji bila hadhira hufa. Uhandisi bila soko nao hufa hivyohivyo.

Pentax haikuwa ya kwanza kuliona hili. Mwaka 2000 Nikon iliitengeneza upya kamera yake ya S3 ya mwaka 1958, na mwaka 2005 SP ya mwaka 1957, kwa idadi ndogo tu. Wenye pesa walizinunua, wengi wakazifungia kabatini. Huo ulikuwa utambaji wa mara moja, kama ngoma inayochezwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni rasmi.

Matokeo ya kazi ya Pentax yalitoka Juni 2024, kwa jina la Pentax 17. Ni ya nusu fremu, kila picha ina milimita 17 kwa 24, na filamu ya picha 36 inatoa 72, yaani Maitani na hesabu yake ya senti wamerudi. Ukiishika kamera kawaida, picha inatoka imesimama wima, kama picha ya simu. Hapo wamewalenga vijana, na hawakukosea. Umbali unaukadiria mwenyewe kwa jicho na kuchagua alama juu ya lenzi. Na ule mkono wa kidole gumba upo. Kuweka mota kungekuwa njia ya mkato, lakini Suzuki na wenzake waliushikilia mkono. Mtu mwingine ataona ni pambo. Mimi naona ndiyo sehemu ya ngano iliyookolewa.

Ila bei yake! Ilipotoka iliuzwa kwa karibu dola 500 za Marekani. Hapo swali la tabaka linarudi, na haliwezi kukwepwa kwa maneno matamu. Leica nayo iliirudisha M6 yake Oktoba 2022, kamera iliyozaliwa mwaka 1984, na bei ikawa zaidi ya dola 5,000. Leica haikuwahi kuacha filamu kabisa, tuipe heshima yake, lakini heshima hiyo ni ya wenye nazo. Upande wa pili kuna kamera za plastiki zenye jina la Kodak, zinazotengenezwa na kampuni nyingine iliyolikodi jina hilo. Ni rahisi, na uwezo wake ni wa bei hiyo. Katikati, pale ilipokuwa imesimama K1000, kamera imara ya mwanafunzi na ya mpiga picha wa mtaani, pako patupu. Ndiyo maana wanaodai wanayataja makampuni makubwa kwa majina. Fundi mmoja mwenye kipaji anaweza kuunda kamera moja nzuri, hata kumi. Kushusha bei hadi mwalimu wa shule aweze kuinunua kunataka kiwanda, na kiwanda kinataka maelfu ya wateja. Brownie haikuwa ya dola moja kwa sababu Eastman alikuwa na huruma.

Nasikia hoja kwamba Nikon na Canon hazitarudi, kwa kuwa mapato ya filamu kwao ni vumbi. Huenda ikawa hivyo. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mlango utabaki wazi, kwamba siku hesabu zikikubali watafungua kabati, watoe michoro, waanze. Mfano wa Pentax unaonyesha wazi kwamba michoro haitoshi. Pentax yenyewe, ilipotangaza mradi wake mwaka 2022, ilitaja ngazi inazotaka kupanda: kwanza kamera ndogo ya kawaida, kisha ndogo ya hali ya juu, kisha ya kioo yenye kubadilishwa lenzi, na mwisho kamera ya kioo inayoendeshwa kwa springi na magurudumu tupu, ya ukoo wa K1000. Pentax 17 ni ngazi ya kwanza. K1000 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1997, na mhandisi aliyekuwa na umri wa miaka 40 mwaka huo, leo anakaribia 70.